Karatasi za Machozi

Kalama, Machakos
8 Machi 1998

Laban, mwana wa mwaitu, ndugu yangu wa tumbo moja,

Pokea salamu za nyumbani, kubwa na ndogo. Sisi tuko. Watoto wanaenda shule, Nduku ameingia darasa la saba na Ndunda bado anatoroka kuoga. Juzi nilipitia Tala nikamwona mama sokoni. Anauza ndengu zake pale pale, magoti yanamsumbua lakini mdomo hausumbuki. Anawaambia wateja kwamba kijana wake yuko Norway anawaliza nguruwe. Nilimwambia, mama, si kuwaliza, anasomea tezi za machozi. Akasema basi ni hiyo hiyo. Mvua ya El Nino imebeba nusu ya matuta yetu, lakini mahindi yamekuwa makubwa, hatujawahi kuona mahindi kama haya.

Kadi yako ya pole ilifika, ile ya maua meupe. Asante.

Mume wangu tulimzika vizuri. Ulisikia kwa simu jinsi Wathome alivyoteleza kule kwari ya kuchimba mawe Lukenya, mawe yakiwa yamelowa, akaanguka akaenda. Wenzake wanasema kabla ya kuteleza alisimama akashika kichwa, kama mtu aliyepata kizunguzungu. Hayo maneno ya kushika kichwa ndiyo yameniletea taabu.

Laban, sikulia. Si kwamba nilijizuia. Nilikaa pale mbele, wanawake wa kanisa wamenishika huku na huku, jeneza likashushwa, na mimi nilikuwa nawaza kama sufuria tulizoazima zitatosha watu. Nilingoja kitu kije. Hakikuja. Hata leo hakijaja. Naamka, nakama mbuzi, nachota maji, nalala. Mtu akinichoma sindano nadhani nitamwambia asante.

Mama mkwe wangu, Nzembi, alilia mpaka watu wa ng'ambo ya mto walisikia. Ilibidi wammwagie maji. Alipopata nguvu alikuja kwangu, akapitisha kidole chake hapa chini ya jicho langu, akawaonyesha watu wote. Kidole kikavu. Akauliza, "Asubuhi ile Wathome alikunywa uji wa nani?"

Uji ulikuwa wangu. Kila asubuhi ulikuwa wangu, miaka kumi na nne.

Tangu siku hiyo tuko boma moja na uji wangu hanywi. Anajipikia mwenyewe, mzee wa watu, na yale macho yake mabovu. Kila siku ni mchanga machoni, ni moshi machoni, na mahindi ya muthokoi hayamshuki bila kikombe cha maji. Mimi namhurumia na yeye ananiita muuaji. Sasa amewaendea wazee wa ukoo. Wanataka mwezi wa nane nile kithitu. Hicho kiapo unakijua, ukidanganya kinakumaliza wewe na watu wako. Nikikataa, wanasema nimekubali kosa, nitoke kwa shamba na watoto wabaki. Nikila, kanisa limeshaniambia nisikanyage tena.

Wewe unasomea machozi. Andika barua kutoka hospitali yenu, iwe na muhuri, useme macho yangu ni magonjwa, hayatoi maji. Ni hilo tu naomba.

Dada yako,
Kavutha


Bergen
19 Aprili 1998

Dada Kavutha,

Salamu nyingi kwako na kwa watoto. Mimi ni mzima. Hapa kunanyesha kama huko, ila hapa hakuna anayeipa mvua jina, wanavaa koti wanaenda kazini. Siku hizi nakula samaki bila kuambiwa. Usimwambie mama. Na umweleze kwamba nguruwe hawalii, hunifikia wakiwa wameshachinjwa.

Kuhusu mimi kutokuja mazishini, tuache kwanza.

Nimesoma ombi lako mara nyingi. Nataka kukusaidia, lakini kwanza nikueleze kazi yangu, maana sijawahi kukueleza sawasawa. Juu ya jicho, pembeni huku chini ya nyusi, kuna tezi ndogo kama haragwe. Hiyo ndiyo hutoa machozi, ya kulowesha jicho kila siku, ya moshi na kitunguu, na ya moyo. Tezi ni moja kwa yote. Yenyewe haijui huzuni wala moshi, hukaa ikingoja neno. Neno hupita kwenye mshipa wa fahamu, na mshipa unapoishia hutoka chembe ndogo sana tunazoziita peptidi, zinazofanya kazi kama homoni. Ile ninayoifuatilia mimi inaitwa VIP kwa kifupi. Cheka tu. VIP kama wakubwa wa serikali, au kama vile vyoo vya VIP vya bomba la hewa vilivyojengwa pale shuleni kwenu.

Sasa, kwenye seli za tezi kuna vipokezi. Kipokezi humjua mjumbe wake kama yule ng'ombe wetu mwekundu alivyojua mkono wa mama. Akikamuliwa na mwingine, hatoi. VIP akifika, kipokezi kikimkubali, seli inaachilia maji. Jicho likikauka, huenda tezi imechoka na vipokezi vimeharibika, mjumbe anafika hapati wa kumpokea. Au huenda tezi ni nzima kabisa ila neno halikutumwa. Ukimwangalia mtu kwa nje huwezi kujua ni lipi.

Kwa hiyo nijibu. Moshi wa jikoni unakutoa machozi? Macho yanawasha? Mate yako yanatosha? Ndani ya bahasha nimeweka karatasi za kupimia. Kunja ncha, itundike ndani ya kope la chini upande wa nje, ufumbe macho dakika tano. Itatekenya jicho, na tezi ikiwa nzima italeta maji yenyewe. Ikitoka kavu, niambie. Siku hiyo hiyo nitaandika barua unayotaka na profesa wangu atatia muhuri.

Karatasi hizo si dawa. Usimpe mtu.

Ndugu yako,
Laban


Kalama
21 Juni 1998

Laban,

Hatujambo, na wewe? Barua yako ililala kwa sanduku la posta la shule likizo nzima, karani alikuwa amekwenda kwao na ufunguo. Baridi ya mwaka huu ni kali. Nduku amekuwa wa tatu katika darasa, anakuuliza kama kwenu kuna shule ya wasichana. Mama anasema habari ya samaki ameijua, usiniulize nani alimwambia.

Karatasi zilifika. Sijapata nafasi, tunavuna.

Wazee wameweka siku, ni Jumamosi tarehe ishirini na mbili Agosti. Atakayekaa mbele ni mzee Kitonga, na ukimjua Kitonga unajua hapendi kuchelewa kula. Nilidhani mama mkwe atapoa. Aka! Kisimani wanawake wakiniona wananyamaza, na nikipita nasikia lisemwalo lipo. Ameona ile bahasha yako yenye stempu za Ulaya, anaulizauliza kama ni dawa ya macho. Nilimwambia ni karatasi tu. Hakuniamini, hakuna analoniamini siku hizi.

Koti la Wathome bado liko kwenye msumari nyuma ya mlango. Juzi nililishika nikalinusa. Linanuka vumbi la mawe. Nikalirudisha nikaendelea kufagia.

Ndugu yangu, najua wewe ni mtu wa kusoma na una sheria zako. Lakini mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wewe huko huamki ukaona kigoda cha mama mkwe kimegeuzwa kisikutazame. Maswali yako mengine nitayajibu siku nyingine. Andika tu.

Kavutha


Bergen
12 Julai 1998

Dada,

Nimefurahi kusikia habari za Nduku. Mwambie shule ziko.

Sasa wewe. Umeandika barua nzima na hukujibu hata swali moja. Mtu ambaye tukiwa watoto akikata kitunguu boma zima linajua! Karatasi umezitumia. Umeziona. Ndiyo maana hutaki kusema.

Sitaandika uongo. Umesema nina sheria zangu, na kweli ninazo, lakini si hizo zinazonizuia. Nikiandika kwamba macho yako yamekufa, wataniamini, na utabaki kwa shamba lako. Halafu siku utakapolia, je? Mwaka huu au mwaka ujao, hata kama ni kwa harusi ya Nduku, tone moja likushuke mbele ya Nzembi. Watasema tulidanganya, na safari hiyo hutaulizwa kitu. Itabidi usilie maisha yako yote. Siwezi kukufunga hivyo.

Nimewaandikia wazee barua nyingine, imo humu. Nimeeleza tezi na mjumbe na vipokezi na karatasi za kupimia, nikasema mtu anaweza kuwa na macho mazima na msiba wa kweli na machozi yasitoke. Imetiwa muhuri kwa sababu ni kweli.

Simu ya msiba wa Wathome ilinikuta mezani kazini. Nilikata simu nikarudi kwenye tezi zangu, nikazikata vipande vyembamba mpaka jioni, na vilikuwa vizuri kuliko vya siku zote. Sikusikia kitu. Yeye ndiye alinifundisha baiskeli. Hapa hakuna aliyekuja kunipitishia kidole chini ya jicho.

Laban


Kalama
6 Septemba 1998

Laban,

Tuko wazima sote, usiwe na wasiwasi, ule mlipuko wa Nairobi haukumgusa mtu wetu. Mama anakusalimu. Mahindi yamejaa ghala mpaka panya wamenona.

Barua yako niliisoma mwenyewe kwanza. Ni ukweli mtupu, kwa hiyo niliona hainisaidii. Lakini niliipeleka.

Karatasi nilizitumia, ndiyo. Siku ile ile zilipofika. Moja niliyoweka ililowa yote ikaanza kudondoka kwenye leso. Nilikuwa nimemwomba Mungu iwe kavu. Macho yangu ni mazima, Laban, ni mimi mwenyewe sijui niko wapi.

Sasa sikiliza. Wiki ile ya mkutano mama mkwe aliingia jikoni kwangu. Hakuwa ameingia tangu mazishi ya Januari. Akasema, "Nipe ile dawa ya ndugu yako. Ama unaninyima hata dawa?" Nikamwambia, mama, si dawa. Akasema, "Unataka nipofuke ndio ufurahi." Basi ningefanya nini? Nikatoa bahasha. Akanitazama hivi, nikajua anawaza uji. Kwa hiyo nikajiwekea mimi kwanza, aone si sumu, kisha nikamwekea yeye. Tukakaa pale kwenye vigoda, macho tumefumba, karatasi zinaning'inia kama lebo za mitumba. Mbuzi angetucheka.

Nilipozitoa, yangu ilikuwa imelowa chapachapa. Yake ilikuwa vile ilivyotoka kwenye bahasha. Ungeweza kuiandikia barua.

Alizishika zote mbili. Hakusoma, lakini mjinga si yeye. Akauliza, "Mbona yako ina maji?" Nikasema, "Yako imeharibika, mama. Hata Ulaya wanatengeneza vibaya." Alichukua zile zilizobaki, akazifunga kwa pindo la leso yake, akatoka.

Jumamosi ikafika. Walikaa hapa hapa kwetu, kwenye mabenchi ya shule ya nasari. Kithitu kilikuwa ndani ya mfuko wa ngozi kule karibu na ua, na hakuna aliyetaka kukaa upande huo, hata kuku walifukuzwa. Antony, mwandishi wa ukoo, akasoma barua yako. Walisikiliza vizuri mpaka alipofika kwa VIP, vijana wakaanza kusukumana wakisema choo, choo. Mzee Kitonga akawanyamazisha. Akasema, "Huyu kijana anasema iko karatasi ya kupima. Iletwe. Tumpime huyu mama. Ikiwa ana machozi na alimnyima mumewe, tutajua, tusisumbue kithitu bure."

Laban, mwili wangu ulikuwa umekufa ganzi lakini akili ilikuwa inafanya kazi. Nilijua yangu italowa. Na nilijua neno la kuwaambia, neno moja tu: mpimeni na yeye. Lilikuwa hapa kwenye meno. Wangeona nani alipiga kelele bila hata tone moja. Nikamwangalia mama mkwe. Alikuwa anapepesa macho yale, anayafikicha na ngumi kama mtoto. Nikasema, "Karatasi zimeisha, mzee."

Kitonga akasema, "Basi ni kithitu." Akamwambia Antony aulete mfuko.

Hapo Nzembi akasimama. Akasema, "Hazijaisha. Ninayo moja." Akaanza kufungua lile pindo la leso. Nikajiambia, haya, leo amenimaliza. Nilifikiria nani atamsuka Nduku nywele. Sikuogopa, nilifikiria tu hivyo.

Akasema, "Lakini mtanipima mimi."

Walidhani anawatania. Hakungoja mtu. Alikaa, akavuta kope mwenyewe, akaitundika karatasi, akafumba macho. Ukoo mzima ulikaa unamtazama mwanamke mzee na karatasi kwa jicho. Alipoona inatosha akaichomoa akampa Kitonga. "Shika. Ina maji?"

Kitonga akaigeuzageuza. Akasema, "Ni kavu."

"Nimeziweka zote, kila siku moja. Zote ni kavu," akasema. "Ile siku ya mwanangu nililia sauti. Maji hayakuwako. Niliyatafuta nikayakosa, na hamkuona kwa sababu nilikuwa na kelele. Nilimzaa mimi. Nilimnyonyesha mimi. Kama kithitu ni cha asiyetoa machozi, nipeni mimi kwanza, huyu afuate."

Wui, Laban! Kitonga aliiangalia ile karatasi muda mrefu kama mtu anayesubiri ibadilike. Halafu akamwambia Antony, "Rudisha huo mfuko ulikoutoa." Kisha akauliza kama chakula kiko tayari.

Mama mkwe hakuniomba msamaha, na sidhani ataniomba. Jumapili asubuhi alikuja jikoni na kikombe chake cha bati, akakiweka mbele yangu, akaangalia pembeni. Nikamtilia uji. Akaumaliza wote.

Sasa anauliza kama dawa ya kweli iko. Kama iko, mtumie. Mimi usinitumie. Machozi yangu yapo, ila hayajaambiwa.

Kavutha


Bergen
3 Oktoba 1998

Dada Kavutha,

Nimeisoma barua yako nimesimama, koti bado niko nalo.

Hizi ni chupa tatu za machozi ya kutengenezwa, zote za mama Nzembi. Tone moja kila jicho, mara nne kwa siku. Hayaponyi tezi, yanalowesha tu. Ulisema muthokoi haumshuki bila maji, maana yake na mate pia yanamkauka, kwa hiyo mpeleke kwa daktari amwangalie na viungo, ugonjwa wa namna hii huwa hauishii machoni.

Nitakuja Desemba. Nitaomba unionyeshe mahali alipolala Wathome.

Laban


Kalama
8 Novemba 1998

Laban, mwana wa mwaitu,

Tumepokea habari ya Desemba. Mama kule Tala ameanza kumlisha jogoo mmoja peke yake na wengine wanalia wivu. Nduku na Ndunda wanagombana nani atakubebea mfuko. Kaburi liko juu ya mtaro wa pili, nimepanda maua ya njano, nitakupeleka mimi mwenyewe.

Chupa zimefika. Kifurushi kilikuwa kimefunguliwa njiani na kufungwa vibaya lakini zote tatu zilikuwamo. Daktari amemwona mama Nzembi, anataka arudi mwezi ujao.

Siku ya kwanza nilimkalisha kwenye kiti cha Wathome, kile cha mikono, nikamwambia atazame dari. Sijawahi kumtia mtu dawa ya macho. Nilibonyeza sana, tone moja likawa sita, yakajaa, yakamwagika, yakamshuka mashavuni mpaka shingoni. Akakaa wima. Akajipapasa uso akaangalia vidole vyake vilivyolowa. Akasema, "Haya. Sasa kimbia ukamwite Kitonga."

Laban, tulicheka. Tulicheka mpaka jirani yetu Mutindi akachungulia mlangoni akauliza kuna nini. Mama alinyamaza kwanza. Mimi nilishindwa. Nilishika mwimo wa mlango nikaendelea, na baadaye haikuwa kucheka tena, na nilikuwa nasema jina lake Wathome, Wathome, kama mtu anayeita mtu wa shamba la mbali aje kula. Usiniulize machozi yalikuwa ya aina gani, karatasi zimeisha.

Mama aliinuka kwenye kiti akaja. Akapitisha kidole chake hapa chini ya jicho langu, kama siku ile. Akakiangalia. Halafu akakipangusa kwenye leso yake, akaniambia niangalie sufuria, uji unamwagika.

Dada yako,
Kavutha